Seva ya hifadhidata inasema "Permission denied": nani hasa anayekataa?

Swali: "Habari za kazi, mwalimu. Nasimamia mfumo wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Ijumaa saa nne usiku nilichukua bakapu kwa pg_dumpall, kisha nikaipandisha seva kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Ikamaliza salama. Nikakuta PostgreSQL, programu yetu ya hifadhidata, ziko mbili, toleo la 14 lenye data yetu na la 16 tupu, nikafuata maelekezo ya kuhamisha kwa pg_upgrade. Nilipotumia sudo ikanikatalia kwa kuwa ni root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine. Nilipotumia sudo -u postgres, yaani kama mtumiaji postgres, ikasema 'You must have read and write access in the current directory'. Mwenzangu akanishauri niandike chmod -R 777 /var/lib/postgresql, yaani ruhusa zote kwa kila mtu. Hitilafu ile haikuondoka, na sasa hata 14 ya zamani haiwaki, ingawa systemctl inasema 'active'. Jumatatu asubuhi wanachama wanakuja kulipa marejesho. Je, data yetu imepotea?"

Dada yangu, nianze na lililokutia hofu: data yenu haijapotea. pg_upgrade huangalia kama inaweza kusoma na kuandika kwenye folda uliyosimama kabla ya kugusa faili lolote la hifadhidata ya zamani. Ilipokataa pale, iliishia palepale. Na chmod haibadilishi kilichoandikwa ndani ya faili, inabadilisha nani anaruhusiwa kulifungua. Mikopo, hisa na marejesho ya wanachama yako mahali pake ndani ya /var/lib/postgresql/14/main, kama ulivyoyaacha Ijumaa. Juu ya hayo una bakapu ya pg_dumpall, ambayo hubeba hifadhidata zote pamoja na watumiaji na manenosiri yao. Katika yote uliyofanya usiku ule, hilo ndilo lililokuokoa.

Ila kuanzia sasa usiongeze amri ya kubahatisha. Hasa hasa usiing'oe PostgreSQL ili uisakinishe upya. Ukiandika apt purge postgresql-14, itakuuliza kama ifute pia folda za data, na mtu aliyekesha hadi saa tisa usiku hujibu ndiyo kabla hajamaliza kusoma swali. Nimeona ikitokea. Hapo ndipo data hupotea kweli.

Sasa tuelewane kuhusu maneno yenyewe. Ujumbe wa kunyimwa ruhusa kwenye seva ya PostgreSQL hutoka kwenye midomo mitatu tofauti, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Wa kwanza ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Haijui hifadhidata wala mkopo. Inajua faili, mmiliki wake, kundi lake na watu wengine, basi. Wa pili ni PostgreSQL yenyewe wakati inawaka. Huyu hukagua folda yake ya data na kukataa kwa sababu iliyo kinyume kabisa: ruhusa zimezidi. Wa tatu ni PostgreSQL ikiwa imeshawaka, inapolinda majedwali na skima (mafungu ya majedwali) dhidi ya watumiaji wa ndani ya hifadhidata.

Kuna alama ndogo ya kuwatofautisha ambayo imeniokolea saa nyingi. Ukiona "Permission denied" kwa P kubwa, imekaa mwishoni mwa sentensi baada ya nukta mbili na jina la faili, huyo ni kerneli. Ukiona "permission denied for schema public" au "permission denied for table" kwa herufi ndogo, hiyo ni PostgreSQL inaongea kwa ajili ya vitu vyake vya ndani, na hapo hakuna chmod duniani itakayosaidia. Na ukiona "has invalid permissions" au "has group or world access", huyo ni yule wa katikati anayelalamika kwamba mlango uko wazi mno.

Wewe ulikutana na tatizo la mdomo wa kwanza, ukapewa dawa iliyomwamsha wa pili.

Turudi pale ulipokwama. Ulikuwa umesimama kwenye folda yako ya nyumbani. Andika ls -ld na jina la folda hiyo, utaona drwxr-x---. Zile alama tatu za mwisho zikiwa vistari maana yake watu wengine hawaruhusiwi hata kupita. Zamani Ubuntu ilikuwa ikiacha folda za nyumbani wazi kwa kila mtu kusoma. Tangu toleo la 21.04, folda mpya za nyumbani hutengenezwa zikiwa zimefungwa, yaani 0750 (mmiliki ana ruhusa zote, kundi lake kusoma na kupita, wengine hakuna), na maelekezo mengi ya kuhamisha PostgreSQL yaliandikwa kabla ya hapo. Mwandishi alisimama nyumbani kwake, akaandika sudo -u postgres, ikakubali. Wewe unarudia neno kwa neno na inakataa, kwa sababu mtumiaji postgres amewekwa katikati ya nyumba ambayo haruhusiwi kuikanyaga, na pg_upgrade inataka kuandika mafaili yake hapohapo uliposimama. Kwa hiyo 777 ya /var/lib/postgresql isingeweza kusaidia. Mlikuwa mkifungua mlango wa nyumba nyingine. Dawa ilikuwa kuhama folda kabla ya kuandika amri:

cd /var/lib/postgresql

Basi. Ni amri moja. Nasikitika kila ninapoona watu wanakesha kwa ajili ya mstari huo.

Nakisia kwamba Ijumaa, ulipochukua bakapu, uliona pia onyo la "could not change directory to /home/..." na "Permission denied" mwishoni, kisha bakapu ikaendelea vizuri. Chanzo ni hichohicho, ila lile lilikuwa onyo tu. Na kwa nini bakapu iliandikika kwenye folda yako wakati postgres haruhusiwi kuingia humo? Kwa sababu uliandika alama ya > baada ya amri. Faili linalofuata alama ile hufunguliwa na shell yako, yaani programu inayopokea amri unazoandika, kwa jina lako, kabla postgres hajaanza kazi. Kumbuka hili siku ya kurudisha data. Ukiandika sudo -u postgres psql -f bakapu.sql kutoka nyumbani kwako itakataa, kwa kuwa postgres ndiye anayetakiwa kulifungua faili. Ukiandika sudo -u postgres psql < bakapu.sql itakubali, kwa kuwa aliyelifungua ni wewe.

Sasa ile 14 isiyowaka. Kwanza, systemctl haikukudanganya, ila ulimuuliza asiyehusika. Huduma inayoitwa postgresql kwenye Debian na Ubuntu ni mwavuli mtupu. Tazama vizuri, utaona imeandikwa "active (exited)": ilifanya kazi yake ya kuita wengine, ikamaliza. Mhusika mwenyewe ni postgresql@14-main. Na njia nyepesi kuliko zote ni:

pg_lsclusters

Amri hii hukuonyesha kila klasta, yaani kila seti ya hifadhidata inayojitegemea, pamoja na toleo lake, porti yake, kama iko juu au chini, nani anamiliki folda ya data, na logi yake iko wapi. Safu ya mmiliki ndiyo ninayoitazama kwanza. Isiposema postgres, nimeshajua nusu ya tatizo. Ikikuandikia "binaries_missing" kwenye 14, ina maana wakati wa kupandisha Ubuntu ulikubali kuondoa vifurushi vilivyopitwa na wakati. Folda ya data ingali ipo, lakini programu ya 14 yenyewe imeondoka, na bila hiyo huwezi kuisoma hiyo data wala kuihamisha. Kwa maelezo yako sidhani ndivyo ilivyo.

Fungua /var/log/postgresql/postgresql-14-main.log, soma mistari ya mwisho. Utakuta kitu kama hiki:

FATAL: data directory "/var/lib/postgresql/14/main" has invalid permissions
DETAIL: Permissions should be u=rwx (0700) or u=rwx,g=rx (0750).

Huo ndio mdomo wa pili. PostgreSQL haikubali kuwaka kama folda yake ya data inaweza kusomwa na mtu yeyote aliye ndani ya mashine. Hadi toleo la 10 ilikuwa 0700 pekee, yaani mmiliki peke yake. Kuanzia 11 waliruhusu na 0750, ili programu ya bakapu iliyo kwenye kundi lilelile iweze kusoma bila kuandika. Zaidi ya hapo hakuna mjadala, na mimi naona wana haki. Faili la jedwali la wanachama likiwa 777, kijana yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza kulinakili akaenda kulisoma kwingine, bila nenosiri lolote la hifadhidata. Anaweza hata kuandika takataka juu yake.

Tengeneza hivi. Simamisha kila kitu, kisha piga nakala ya folda kama ilivyo kabla ya kurekebisha:

sudo systemctl stop postgresql
sudo tar -cpf /mnt/diski/pg14.tar -C /var/lib/postgresql 14

Hapo /mnt/diski ni diski yoyote yenye nafasi, na nimetumia tar makusudi. Ukinakili folda moja kwa moja kwenda kwenye flashi ya kawaida, zile zenye mfumo wa FAT au exFAT, wamiliki na ruhusa zote hupotea, kwa sababu flashi hiyo haina pa kuziandika. Tar huzibeba ndani ya faili lake lenyewe.

Kisha rudisha umiliki na ruhusa:

sudo chown -R postgres:postgres /var/lib/postgresql
sudo find /var/lib/postgresql/14 /var/lib/postgresql/16 -type d -exec chmod 700 {} +
sudo find /var/lib/postgresql/14 /var/lib/postgresql/16 -type f -exec chmod 600 {} +
sudo chmod 755 /var/lib/postgresql /var/lib/postgresql/14 /var/lib/postgresql/16

Utakutana na watu watakaokwambia ufupishe kwa chmod -R u=rwX,go=. Kwa kawaida ni ushauri mzuri, maana ile X kubwa hutoa ruhusa ya kupita kwa folda tu na kuyaacha mafaili. Lakini kwako haifai. X kubwa huyaacha mafaili yasiyo na ruhusa ya kuendeshwa, na baada ya 777 kila faili lako limeshapata ruhusa hiyo. Kwa hiyo mafaili yote yangebaki 700 badala ya 600. Seva ingewaka, ndiyo, lakini nataka uirudishe kama ilivyokuwa. Ni kweli pia kwamba PostgreSQL inapowaka hukagua folda ya juu tu, na ukirekebisha hiyo moja itawaka hata kama ndani ni 777. Usiishie hapo. Ruhusa hizo mbovu zitasafiri ndani ya kila nakala utakayopiga, na siku moja nakala hiyo itafunguliwa mahali ambapo folda ya juu haijafungwa.

Mambo matatu hukimbia macho ya watu baada ya 777. La kwanza ni faili la .pgpass lililo ndani ya /var/lib/postgresql, kama mnatumia. Hilo huhifadhi nenosiri kwa ajili ya hati ya bakapu ya usiku. Likisomeka na watu wengine, psql na pg_dump hulipuuza: hutoa onyo la "has group or world access", kisha huendelea kana kwamba faili halipo. Matokeo yake mfumo unafanya kazi mchana kutwa, kila mtu anafurahi, na bakapu ya usiku imekufa bila mtu kujua. Liwekee chmod 600 leo hii. La pili ni ufunguo wa siri wa usimbaji, kama mlikuwa mmeuweka ndani ya folda hiyo au kama chmod ilipita pia /etc/ssl. Ukimilikiwa na postgres usizidi 0600. Ukimilikiwa na root usizidi 0640. La tatu, kama mliwahi kuweka sehemu ya data kwenye diski nyingine kwa tablespace, angalia ndani ya pg_tblspc: vilivyomo ni viungo vinavyoelekeza kwingine, na find pamoja na chown -R nilizokupa hazivifuati, wala chmod -R haivifuati. Kama 777 iliandikwa pia kwenye diski hiyo, utalazimika kwenda huko kurekebisha mwenyewe.

Washa sasa:

sudo pg_ctlcluster 14 main start

Kabla hatujaendelea nataka nikueleze kwa nini nimesisitiza chown wakati wewe hukugusa umiliki. Miaka kadhaa iliyopita nilihamisha hifadhidata ya ofisi moja kutoka mashine iliyochoka kwenda mpya, kwa diski ya nje. Kila kitu kilinakiliwa na ruhusa zake, 0700 safi kabisa, na seva ikagoma. Nilitazama ls -l mara tano nikaona ruhusa ni sahihi, nikawa nahangaika na ruhusa tu. Baadaye kidogo nikatazama safu ya mmiliki, nikakuta jina la huduma nyingine kabisa iliyokuwa kwenye mashine ile. Diski haiandiki jina la mmiliki, huandika namba. Kwenye mashine ya zamani postgres alikuwa na namba moja, kwenye mpya namba ileile alishapewa mwingine. Tangu siku hiyo natumia ls -ln, ambayo huonyesha namba zenyewe, na namei -l, ambayo huchukua njia nzima na kukuonyesha kila folda kuanzia juu kabisa, mmiliki wake na ruhusa zake:

sudo namei -l /var/lib/postgresql/14/main

Kama ningekuwa na nafasi ya kumfundisha msimamizi mpya amri moja tu kuhusu ruhusa, ningemfundisha hiyo. Kerneli haikatai faili la mwisho peke yake. Hukataa pia ikiwa folda yoyote ya njiani haikuruhusu kupita, na mara nyingi kosa liko ngazi mbili juu ya pale unapotazama.

Habari hii ya namba huwakuta pia wanaotumia PostgreSQL ndani ya kontena za Docker. Taswira rasmi ya kawaida, iliyojengwa juu ya Debian, humpa postgres namba 999. Ile ndogo ya Alpine humpa 70. Ukibadilisha moja kwenda nyingine juu ya folda ileile ya data, umebadilisha mmiliki bila kukusudia. Na wanaotumia familia ya Red Hat, yaani Rocky, AlmaLinux na wenzao, wana mlinzi wa ziada aitwaye SELinux. Huyo anaweza kukataa hata pale umiliki na ruhusa viko sawasawa, hasa ukihamishia data kwenye folda isiyo ya kawaida kama /data. Mtazame kwa ls -Z. Lebo ikiwa si postgresql_db_t, iandikishe kwa semanage fcontext halafu upitishe restorecon -Rv. Wengi humzima kabisa kwa setenforce 0. Kumzima dakika mbili ili kujua kama ndiye anayekataa ni sawa. Kumwacha amezimwa kwenye seva ya fedha za watu, hapana.

Sasa kuhamia 16. Ushauri wangu ni uachane na pg_upgrade ya mkono. Siyo mbaya, lakini Debian na Ubuntu hupanga PostgreSQL kwa namna yao: data iko /var/lib, mipangilio iko /etc/postgresql. Maelekezo uliyoyafuata huenda yaliandikwa kwa mfumo ambao vyote viko folda moja. Ungeshinda lile la folda ya nyumbani, ungekutana na hitilafu ya kukosekana kwa postgresql.conf, ungeinakili kwa sudo cp, faili lingekuwa la root, na tungerudi tulikotoka. Waliotengeneza kifurushi wamekuwekea amri inayojua mpangilio huo, huendeshwa kwa sudo, na yenyewe hujua lini ijivue u-root iwe postgres.

Chukua kwanza bakapu mpya, maana 14 sasa inawaka. Washa na 16, ujiridhishe kweli ni tupu:

cd /var/lib/postgresql
sudo pg_ctlcluster 16 main start
sudo -u postgres psql -p 5433 -l

Thibitisha porti kwa pg_lsclusters kwanza. Kwa kawaida ya pili hupewa 5433. Unatakiwa kuona majina matatu tu: postgres, template0 na template1. Ukiona jina la hifadhidata yenu hapo, simama, uko kwenye klasta isiyo sahihi. Ukiridhika, ondoa hiyo 16 tupu, kwa sababu amri ya kuhamisha hukataa ikikuta nafasi imeshachukuliwa:

sudo pg_dropcluster 16 main --stop
sudo pg_upgradecluster 14 main

Soma mstari wa kwanza mara mbili kabla ya kubonyeza. Namba ni 16. Ukiandika 14 hapo, umefuta data yenu.

Kwa kawaida pg_upgradecluster huitoa data kwenye 14 na kuiingiza kwenye 16, kwa hiyo diski iwe na nafasi ya nakala ya pili. Angalia kwa df -h. Kwa hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo njia hiyo inatosha kabisa, na ina faida kwamba data inaandikwa upya yote, hivyo faili lililoharibika mara nyingi litajulikana sasa badala ya mwezi wa mahesabu. Ikimaliza, 16 itachukua porti 5432 na 14 itahamishiwa 5433 ikiwa imezimwa, isiwake yenyewe. Mfumo wenu hautahitaji kubadilishiwa anwani.

Bado mdomo wa tatu, na huu utakukuta baadaye, siku utakapokuwa umeshasahau habari za kupandisha toleo. Kuanzia PostgreSQL 15, iliyotoka Oktoba 2022, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kutengeneza jedwali kwenye skima ya public kwa sababu tu anaweza kuingia. Zamani kila mtu aliruhusiwa. Mwaka 2018 ikatangazwa hatari iliyosajiliwa kama CVE-2018-1058: mtumiaji mdogo angeweza kuweka kwenye public fankisheni yenye jina linalofanana na la kawaida, na mtumiaji mkuu akaiendesha bila kujua, kwa mamlaka yake makubwa. Ndiyo maana wakafunga.

Hifadhidata uliyoihamisha itabaki na ruhusa zake za zamani, kwa hiyo Jumatatu mfumo wenu utafanya kazi kama kawaida. Lakini siku utakayotengeneza hifadhidata mpya ndani ya 16, tuseme ya ripoti au ya majaribio, utaona "permission denied for schema public" na utaapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi. Ingia kwenye kila moja uandike \dn+ uzilinganishe. Ya zamani itakuwa na =UC/postgres. Mpya itakuwa na =U/pg_database_owner. Kabla ya alama ya sawasawa hakuna jina, maana yake ni watu wote. U ni kutumia, C ni kutengeneza. Hiyo C moja iliyokosekana ndiyo habari yote.

Watu wengi hukimbilia GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE na kushangaa haisaidii. Amri hiyo hutoa haki ya kuingia, ya kutengeneza skima mpya na ya majedwali ya muda. Haigusi skima ya public iliyopo tayari. Njia iliyo safi ni kumfanya mtumiaji wa mfumo awe mwenye hifadhidata tangu mwanzo:

CREATE DATABASE ripoti OWNER ripoti_mfumo;

Mwenye hifadhidata ndiye anayehesabiwa kuwa pg_database_owner, hivyo public ni yake bila kuongeza lolote. Kama hifadhidata imeshatengenezwa, ingia ndani yake kwanza kwa \c ripoti, kisha GRANT CREATE ON SCHEMA public TO ripoti_mfumo. Usipoingia kwanza utakuwa umetoa ruhusa kwenye public ya hifadhidata nyingine, maana kila moja ina public yake.

Na ikitokea siku moja ukarudisha bakapu kwa pg_restore ukiwa umeweka --no-owner, ujue kila jedwali litakuwa mali ya aliyerudisha, kwa kawaida postgres, na mfumo utapata "permission denied for table" kwenye jedwali la kwanza litakaloguswa. Usijaribu REASSIGN OWNED BY postgres, itakataa, kwa kuwa postgres anamiliki pia vitu ambavyo seva yenyewe inavitegemea. Ni rahisi zaidi kurudisha upya ukiongeza --role na jina la mtumiaji wa mfumo wenu.

Klasta ya 14 iache imezimwa hivyohivyo mpaka mmefunga hesabu za mwezi mzima kwenye 16 na mhasibu amelinganisha. Toleo hilo litaacha kupokea marekebisho ya usalama Novemba 2026, kwa hiyo hamjachelewa. Baada ya hapo, na baada ya kuhakikisha bakapu ya usiku imeandikwa kweli na ina ukubwa unaoeleweka, ndipo uandike pg_dropcluster 14 main.

Ukikwama kwenye kuiwasha 14, nitumie mistari 20 ya mwisho ya logi yake, matokeo ya pg_lsclusters, na ya ile namei -l. Futa majina ya wanachama kama yapo. Niko karibu na simu Jumapili nzima.